Korali Isiyoimba

Asante yangu iko na watu watatu, na mumoja wao ni muongo kupita wote niliowahi kuwapikia kahawa. Nilipika kahawa miaka kumi na minane pale reli inapokata barabara ya kwenda bandarini, hapa Kalemie, wakati ule tulikuwa bado Wazaire na tunaitana sitwayeni, ndiyo raia, mbele ya wakubwa. Benchi langu lilikuwa mbao nzito ya chini ya reli, imelazwa juu ya magurudumu mawili ya kigari kilichokufa. Jua likiwaka, lami ilitoka ndani ya ile mbao ikashika suruali za wanaume, kwa hiyo mutu akikaa kwangu asubuhi, jioni mukewe anajua alikaa wapi. Watu waliniita Kambo, ndiyo bibi, na nilikuwa na kahawa chungu, benchi chafu, na mudomo wangu mwenyewe. Aliyetaka kubembelezwa alikwenda kwa masista.

Siku ile ilikuwa siku ya ine, Alhamisi, saa kumi imepita. Walikuwepo watatu wa kila siku. Wa kwanza Adalbert, tulimuita Reli: miaka makumi tatu kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni, hii iende Kabalo, hii iingie bandarini, na mabehewa yalimula vidole viwili vya mukono wa kuume. Wa pili Hubert, tulimuita Avoka. Hakuwa avoka, ndiyo mwanasheria, alikuwa anapiga mashini ya kuandika pale biro ya komini, ofisi ya serikali, lakini alibisha hata na kivuli chake. Wa tatu François, Mubembe wa Baraka, muuza samaki. Tulimuita Mukebuka kwa sababu alikuwa mwembamba na anang'aa kama yule samaki wa ziwa letu, na methali alizijua zote, ila hakujua hata moja inakaa wapi.

Na kwenye ncha ya benchi, penye lami nyingi, alikaa mutoto wangu wa mwisho, Gaspard. Mutu muzima, miaka makumi tatu na tatu, fundi wa ateliye, karakana ya reli.

Gaspard hakuwa wa benchi. Gaspard alikuwa wa lutuku. Wasioijua niwaambie: lutuku inapikwa kwenye pipa, ya mahindi na muhogo, na ukiitia kiberiti inawaka buluu. Ukiinywa, inayowaka ni nyumba. Ya Gaspard iliwaka. Christiane, mukewe, alichukua watoto akapanda treni kwenda kwa baba yake Kabalo. Shefu wa ateliye alimuambia: mara moja ingine, usirudi. Siku ile alikuwa hajanywa siku nne. Aliyezihesabu ni mimi, si yeye.

Sasa, mimi nilijua kitu ambacho benchi haikujua. Kila siku ya ine Mama Séraphine mushonaji alikuja kwangu kuchukua birika kubwa la kahawa, nyeusi, kwa ajili ya korali, ndiyo kwaya, iliyofanya mazoezi saa kumi na moja kwenye chumba cha nyuma ya parokia. Mwaka wa kwanza nilimuuliza:

— Mama, hii korali gani inakunywa kahawa hivi na haijaimba hata misa moja?

Akatazama kushoto, akatazama kuume.

— Kambo, sisi si korali. Sisi tulikuwa walevi. Tunakaa, kila mutu anasema yake, tunasaidiana tusikunywe leo. Leo tu. Padri alituandika korali kwa sababu mukutano bila ruhusa ya Chama ni kesi. Na pia juu ya haya yetu.

Halafu akaniapisha nisiseme. Mimi, na mudomo huu! Afadhali angeuambia muto Lukuga usitoke ziwani.

Lakini kiapo hakikutaja mutoto wangu. Jana yake nilimuambia Gaspard: kesho, saa kumi na moja, nyuma ya parokia, mulango wa kijani kibichi. Akajibu: nitaona. "Nitaona" ya mulevi ninaijua. Ni "hapana" iliyovaa shati safi. Ila alikuja akakaa, nami nikanyamaza, kama mutu anavyonyamaza kuku akiwa karibu kuingia mwenyewe ndani ya banda.

Kulikuwa na jambo lingine. Séraphine alikuwa ameniambia: "Wiki hii niko Bendera kwa kilio. Mwenzetu atakuja kuchukua birika." Hakusema nani. Basi birika liko juu ya makaa, limejaa mpaka shingo, na mimi ninangoja mutu nisiyemujua.

Wakapita watu wawili na viti vyao kichwani, wanapanda kuelekea parokia. Avoka akasogea ndani ya benchi ili awaone vizuri, akamubana Mukebuka mbavu.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, Mukebuka akalalamika.

— Hiyo methali si ya kubanwa.

— Mbavu ni zangu, methali ni yangu.

— Nyamaza, tazama wale. Korali! Miaka miwili mazoezi, misa hata moja. Mimi nauliza tu.

— Ukiuliza tu, kunywa tu, nikasema.

— Hapana, Kambo, hili ni jambo la raia. Watu tisa, kumi, kila mutu na kiti chake, wanafunga dirisha. Hakuna ngoma, hakuna gita, hakuna hata mutu wa kukohoa ili sauti ikae. Korali gani hiyo?

— Labda wanaimba ndani ya roho, Mukebuka akasema. Kwetu Baraka kuna wanaoimba ndani ya roho.

— Kwenu Baraka munaimba mpaka samaki wanahama. Hawa wako kimya.

Mukebuka akainua kidole.

— Wahenga walisema: kelele za chura hazimuzuii ng'ombe kunywa maji.

— Chura ni nani?

— Korali.

— Korali haina kelele!

— Njo maana ng'ombe anakunywa vizuri.

Tulicheka, kila mutu akimutafuta ng'ombe. Reli peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa kando ya benchi juu ya kigoda chake kidogo. Siku za ine alikuja nacho, akisema lami inamuumiza mugongo. Nilikuwa nimesikia lami inaumiza suruali. Mugongo, hapana. Lakini mwanaume akizeeka unamuachia uongo wake mudogo mudogo.

— Mimi nitawaambia ni nini, Avoka akasema, akashusha sauti mpaka tukalazimika kumuinamia. Nilipita pale dirishani. Kwa bahati.

— Kwa bahati mara ngapi? nikauliza.

— Mara tatu. Nikasikia mumoja anasema: "Mimi ni Norbert." Na wote: "Jambo, Norbert!" Mwingine: "Mimi ni Célestine." "Jambo, Célestine!" Munasikia? Majina ya ubatizo! Yale yaliyofutwa na serikali kwenye karte zetu za kitambulisho! Jina la baba, hakuna. Jina la babu, hakuna. Watu wanaofunga dirisha ili waitane majina yaliyokatazwa, hiyo si korali. Hiyo ni siasa.

— Na sisi tunakuita Avoka, nikasema. Hilo liko kwenye karte gani?

— Kambo, usicheze. Muwaka cha mvunguni sharti ainame.

— Mutaka, Mukebuka akamurekebisha. Mutaka cha mvunguni.

— Hata yeye ainame.

Gaspard aliweka kikombe chini. Alikiweka polepole, na bado kiligonga mbao mara tatu. Anayefanya kazi ateliye ya reli hapendi kusikia neno siasa. Nilimuona anapima umbali kutoka benchi mpaka njia.

— Siasa! Mukebuka akacheka. Ingekuwa siasa wangeimba. Siasa yote ya inchi hii ni nyimbo. Hapana, wapapa. Mimi nilimusikia mwanaume analia mule ndani. Mwanaume mukubwa, analia kama bata. Na alipomaliza, munajua walifanya nini? Walipiga makofi!

— Makofi?

— Makofi! Kwetu mutu akilia tunamupa maji, tunamushika bega. Wale wanashangilia. Mutu anayeshangilia machozi anayauza. Kuna kitu cha ziwani mule, nawaambia. Wamekiweka kwenye beseni. Mutu analia, kitu kinakunywa machozi, kikishiba wanapiga makofi.

— Kitu gani cha ziwani kinakunywa machozi?

— Ningekijua ningekiuza.

Gaspard alikuwa anatazama mikono yake. Mimi nilitazama birika. Hakuna aliyekuja. Jua lilikuwa limefika juu ya paa la bohari, na hapo, kwa ninavyolijua, ni saa kumi na nusu.

Njo Reli akakohoa. Reli akikohoa watu walimupa nafasi, kwa sababu yeye hakuwa na haraka ya kusema, na mutu asiye na haraka tunadhani anasema kweli.

— Nyinyi wote muko kwenye njia ya pembeni, akasema. Mimi nimeona kwa macho. Sanduku lilifika na boti ya kutoka Kigoma. La bati, rangi ya majivu, lina tundu kama la kuingizia barua. Wale watu waliuza sauti zao.

— Waliuza nini?

— Sauti. Unaweka mudomo pale kwenye tundu, unaimba mara moja, sauti inaingia, haitoki tena. Wanaipeleka Ulaya, inaimba kwenye radio za watu. Njo sababu korali haiimbi. Itaimba na nini?

— Mama yangu! Mukebuka akashika koo.

— Na mugeni akiingia, Reli akaendelea, na sasa alikuwa anatazama njia ya parokia, si sisi, — mugeni akiingia, neno la kwanza wanamuuliza jina. Akilisema tu, imekwisha. Anarudi nyumbani, mukewe hamujui, mbwa wake hamujui. Mutu mwenye akili hakaribii ule mulango. Mimi ningekuwa na mutoto, ningemufunga kamba.

Gaspard akasimama.

— Mama, naenda.

— Wapi?

— Nyumbani.

Nyumba yake ilikuwa tupu, na njia ya kwenda kule inapita mbele ya milango mitatu ya lutuku. Ya kwanza ya Bertille, na Bertille alikuwa na tabia ya kumuita mutu kwa jina akiwa bado mbali.

— Kaa, nikasema. Kahawa yako haijaisha.

Akakaa, lakini tako moja tu. Nilishika mwiko wa kukorogea na nikamutazama Reli kichwani, pale nywele zilipokwisha, nikachagua mahali. Nawaapia, nilikuwa nimekwisha kuchagua. Miaka tisa ninamungoja mutoto huyu afike kwenye ncha ya benchi, na muzee muzima anamutisha na sanduku la bati!

Kilichomuokoa Reli ni mama mumoja aliyekuja kutoka upande wa parokia, mufuko begani, amevaa poro, ndiyo sweta, nzito ya sufu katika joto letu. Miaka yake makumi ine na kitu. Alinuka maziwa na moshi. Nikajua anatoka juu milimani.

— Jambo, wapapa. Jambo, Mama. Kuna kahawa?

Nikamumiminia. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakikandamiza kifuani kabla ya kunywa, ili kisicheze. Namna ile ya kushika kikombe niliijua. Nikamutazama Gaspard. Na yeye aliijua.

— Mama anatoka wapi? Avoka akauliza, kwa sauti ya biro.

— Pepa. Naitwa Emérance. Siko na siri, Papa, siri zangu zote ng'ombe za Pepa zinazijua. Nilikuwa ninakunywa. Siku kumi na moja sijanywa. Infirmiye wetu, yule muuguzi, aliniambia: peke yako hutaweza, shuka Kalemie, kuna watu waliokuwa kama wewe, wanakutana, wanasaidiana. Nikasema wapi? Akasema: hawakuniambia wapi, uliza parokia. Nimekaa siku mbili juu ya kamyo ya mizigo. Nikauliza parokia. Kijana wa kufagia akaniambia: hapa hakuna mukutano wa walevi, hapa kuna korali tu. Nikasema basi, nipeleke kwenye korali, labda wao wanajua. Jana akanipeleka.

— Ukafika kwenye korali! Mukebuka akashika koo tena.

— Nikafika. Watu makumi tatu, na ngoma. Wakadhani nimekuja kujiandikisha. Wakanisimamisha na wamama wa sauti ya kwanza, wakanipa karatasi. Nikafikiri labda njo dawa yenyewe. Nikaimba.

— Na wakasema nini?

— Wakaniambia nirudi Pepa.

Tulicheka. Mukebuka alicheka mpaka kahawa ikamutoka puani. Hata yeye Emérance alicheka, kidogo, upande mumoja wa mudomo. Halafu akasema:

— Kamyo inapanda kesho asubuhi mapema. Nikirudi mikono mitupu, ninajua nitaenda wapi kwanza.

Mukebuka akajifuta kahawa puani.

— Mama, Avoka akasema, na alikuwa na huruma ya kweli, sikatai. Jana ulikutana na korali nzuri. Kuna ingine, ya leo, hiyo uiogope.

Na wote watatu wakamupa habari zao. Avoka akamupa majina, Mukebuka akamupa machozi na beseni. Reli alitaja sanduku, lakini safari hii alilitaja haraka, kama mutu anayepita mbele ya nyumba ya mukwewe. Emérance alisikiliza yote, kikombe kifuani.

— Mutu anasema jina lake, wanamuitika jambo?

— Ndiyo!

— Na akilia, wanamupigia makofi?

— Kwa masikio yangu, Mukebuka akasema.

— Na wakitoka, wamelewa?

Avoka akafungua mudomo kubisha, akaufunga. Akafikiri.

— Hapana. Kulewa, hapana. Wanatoka wanaongea polepole. Wanabeba viti.

— Basi njo wao.

Akaweka kikombe juu ya benchi, vizuri, bila kukigonga.

— Wamejificha vizuri, namushukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini niulize kitu kimoja, wapapa, munisamehe, mimi ni mutu wa ng'ombe. Mutu kama mimi, anayewatafuta, atawapata namna gani?

Mimi nimesikia benchi lile likijibu maswali yote. Limejibu kwa nini ziwa linapanda, kwa nini treni inachelewa, kwa nini mwanamuke anaota ndoto ya meno. Halafu likaja la Emérance. Avoka, anayebisha na kivuli, alitazama kivuli chake. Mukebuka aliinua kidole cha methali, akakitazama, akakishusha. Na mimi, niliyejua, nilinyamaza vilevile. Sisemi kwa majivuno. Kiapo ni kiapo, lakini nilikuwa nimekaa juu ya ule mulango kama kuku juu ya yai bovu.

Reli alitazama vidole vyake vitatu muda murefu. Halafu akasimama, akabana kigoda chini ya kwapa.

— Kambo, akasema. Nipe birika.

Nilimuelewa mimi peke yangu. Wengine walifikiri anataka kuongezewa.

— Lile kubwa, akasema. Séraphine yuko Bendera. Mimi njo yule mwenzetu aliyekuambia.

— Weye? Avoka akasema.

— Mimi. Mwaka mumoja na miezi saba.

— Na kigoda?

— Kila mutu anakuja na kiti chake.

— Na sanduku la bati?

— Hakuna sanduku.

— Lakini umesema kwa macho yako! Mukebuka akapiga kelele. Mimi nimekwisha kupeleka habari ya lile sanduku mpaka Baraka!

— Ninajua. Nilitegemea uipeleke.

Akamugeukia Emérance, na akavua kofia, jambo ambalo hakufanya hata mbele ya treni ya wakubwa.

— Mama, mule ndani kuna mwalimu, kuna askari, kuna wamama wa watu. Mutu akijua, kesho wanachekwa sokoni, au wanaitwa bironi. Nikasema: nikiweka uongo mukubwa mbele ya mulango, hakuna atakayesogea. Sikujua ninakufungia wewe inje. Miaka makumi tatu nimegeuza njia za treni, sijawahi kukosea hivi.

— Umenikosea siku moja tu, Papa, Emérance akasema. Saa bado iko?

— Iko. Dakika kumi na tano.

Lakini tulikuwa bado na Avoka. Avoka aliandika barua za komini, zile zinazotaja nani alikutana na nani. Yeye mwenyewe alijua kwamba tunamutazama. Alitoa miwani, akaifuta na shati, akaivaa, akaitoa tena. Kwa mutu yule kunyamaza kulikuwa kama kung'oa jino.

— Munanitazama nini? akasema mwishoni. Mimi nimeona nini? Nimeona Papa Adalbert anaenda korali. Sauti yake mbaya, lakini sheria haikatazi.

Huyo ni wa pili katika asante zangu, baada ya yule muongo Reli, na sijawahi kumuambia, kwa sababu angebisha.

Reli akanyoosha mukono kwenye birika, akaurudisha. Mukono wa vidole vitatu hauwezi chuma cha moto kilichojaa, na ule mwingine ulikuwa na kigoda. Akatazama ncha ya benchi. Akatazama kama mutu anayeona kitu kilichokuwa mbele yake saa nzima, na nikaona haya inamupanda shingoni: alikumbuka aliyoyasema juu ya mugeni na kamba.

— Gaspard, akasema. Nibebee.

Gaspard hakuinuka.

— Mikono yangu inatetemeka, Papa. Nitamwaga.

— Mara yangu ya kwanza nilimwaga nusu. Wakakunywa nusu.

Gaspard akanitazama. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga miaka tisa, mengine nikiwa ninafua, mengine nikiwa ninamuokota mulangoni, na yalikuwa maneno mazuri, makali, yenye Mungu ndani na yenye baba yake aliyekufa. Yote yalikuja mudomoni kwa pamoja, kama watu kwenye mulango wa treni, na hakuna lililopita. Nikasema:

— Shika na kitambaa. Mupini unaunguza.

Akashika.

Wakaondoka watatu. Reli mbele na kigoda, Emérance na mufuko na poro yake ya sufu, Gaspard nyuma na birika mbele ya tumbo, anatembea kama mutu aliyebeba mutoto wa mwingine. Suruali yake ilikuwa na lami nyuma, alama mbili, kubwa. Kahawa ilimwagika, ndiyo. Tone hapa, tone pale, mavumbi yanayanywa. Niliyahesabu mpaka kona. Penye kona njia inagawanyika: kuume unapanda parokia, kushoto ni kwa Bertille. Nilisikia kabisa yule mwanamuke anaita: "Gaspard, ee!" Matone yalienda kuume.

— Kambo, Avoka akasema baada ya muda, na kahawa yetu?

— Imeisha.

— Yote?

— Yote. Nendeni kwenu.

Mukebuka akasimama, akajipukuta, akatazama ile kona.

— Mugeni njoo, mwenyeji apone, akasema.

Nilikuwa nimemusikia akiiweka methali ile kwenye mvua, kwenye samaki, kwenye mbavu zake. Siku ile aliiweka mahali pake, na hakujua, akaenda zake akiimba zaburi.

Wa tatu katika asante zangu ni yule mama wa Pepa. Kamyo ilimupandisha asubuhi yake. Baada ya mwezi alituma jibini na barua iliyoandikwa na infirmiye, inasema sasa wako wane kule juu, wanakutana kwenye zizi, na wamejiandika korali. Gaspard sitawadanganya, uongo ni kazi ya Reli: alianguka mara mbili kabla ya Noeli. Mara zote mbili Reli alikwenda mulangoni kwake na kile kigoda, akakaa, akangoja. Christiane alirudi msimu wa maembe, akiwa na masharti marefu kama treni ya mizigo, na nilimupenda zaidi kwa kila behewa.

Lakini ninayoikumbuka ni jioni ile ile, mwanga bado uko juu ya ziwa, ninazima makaa. Gaspard alikuja na birika. Tupu. Limeoshwa ndani, limeoshwa inje, hata masizi ya chini amekwangua na muchanga. Mutoto yule hakuwahi kuosha chombo tangu nilipomuzaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Niliinua birika nikaligeuza huku na huku, kwa sababu nilihitaji mahali pa kutazama.

— Kifuniko kiko wapi? nikasema.

— Nimekisahau kule.

— Kirudie.

— Wamefunga, Mama. Nitakichukua siku ya ine.

Basi wiki nzima nilipika kahawa ndani ya birika lisilo na kifuniko. Ilipoa haraka, nzi waliingia, Avoka alilalamika kila siku. Vifuniko vilikuwa vinauzwa pale sokoni, hatua mia moja kutoka benchi langu. Sikununua.